Kanuni ya Mwisho

Karakanani
Jumapili, tarehe 3 Februari

Shemeji yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Dada yako hajambo, ila kazi imembana. Baba naye hajambo kabisa. Kila asubuhi anafika karakana kabla yetu, randa kwapani, kana kwamba asipokuja yeye hakuna ubao utakaonyooka. Vijana wanamwita Mzee Randa, na siku hizi hata mimi mwanawe najikuta nikimwita hivyo. Watu huniuliza shemeji yako anafanya kazi gani huko bungeni. Nawajibu kwamba yeye ndiye anayeziandika sheria, wale wengine kazi yao kuitikia. Wanacheka, lakini heshima inapanda, na sehemu ya heshima hiyo naila mimi.

Sasa nina swali la kitaalamu, na sioni kwa nini nimwendee mtu mwingine wakati aliyeandika kanuni za ushirika wetu ni wewe. Tumepata kazi kubwa, shemeji. Milango yote ya hosteli mpya ya chuo, pamoja na makabati yake. Tangu ushirika huu uanze hatujawahi kuona kazi ya namna hiyo, na wanachama walionichagua wanataka kuona kama mimi ni mwenyekiti kweli au ni kofia tu iliyowekwa kitini. Ili kazi iende, kuna jambo moja la utaratibu kwenye kanuni linatukwaza, na tungependa kulirekebisha. Katika kusoma nimekuta baadhi ya kanuni umezifunga zisiguswe ovyo. Je, kuna njia ya halali ya kulegeza ufungaji huo? Sitaki mizengwe, unanijua. Nataka kitu ambacho mtu akikisoma hana la kusema.

Wanachama wengi wanataka, na wahenga walisema wengi wape. Nijibu mapema, mkutano uko karibu. Na usimsumbue dada yako kwa haya, ana mambo mengi, na vumbi la msimu huu limemrudishia kikohozi kidogo.

Shemeji yako,
Mwenyekiti (usicheke)


Bungeni, Ofisi ya Waandishi wa Miswada
Ijumaa, tarehe 8 Februari

Shemeji Mwenyekiti,

Nimecheka, umenikataza bure. Barua yako imenikuta nimechoshwa na muswada wa mizani za sokoni, ambao umerudishwa kwangu kwa mara nyingine kwa sababu kuna mheshimiwa mmoja hapendi neno "kipimo". Swali lako limeniburudisha.

Kanuni zenu ndizo sheria yangu ya kwanza maishani. Niliziandika nikiwa mwanafunzi, kwenye meza yenu ya kulia chakula, mwaka ule tulipomzika Mama. Nyingi ni za kawaida, zaidi ya nusu ya wanachama wanatosha kuzibadili. Mbili tu nilizifunga. Moja ni ya chumba cha rangi: hakuna kupaka vanishi baada ya saa sita mchana, wala kufunga madirisha watu wakiwa ndani. Nyingine ni ya wazee: aliyezeekea karakanani hanyang'anywi meza yake ya kazi maadamu anaweza kuifikia kwa miguu yake. Hizo haziguswi mpaka theluthi mbili ya wanachama wakubali, katika mikutano miwili iliyotenganishwa na msimu mzima wa mvua, na wanaohusika wenyewe nao waridhie. Nilitaka mtu mwenye hasira au haraka mvua imnyeshee kwanza, ndipo arudi kuzungumza.

Nadhani hizo hazikuhusu, wewe unasema jambo la utaratibu, bila shaka ile akidi ya mikutano iliyokuwa ikiwasumbua. Lakini kwa kuwa umeuliza kitaalamu, nitakuonyesha kitu ambacho mpaka leo hakuna aliyekigundua, na hata mimi kilinichukua miaka. Soma kanuni ya mwisho, ile inayotaja kanuni zilizofungwa na jinsi zinavyofunguliwa. Imezifunga zile mbili, lakini yenyewe haikujifunga. Kisheria ni kanuni ya kawaida, sawa na ile ya usafi wa choo. Zaidi ya nusu ya wanachama wanaweza kuifuta jioni moja, na ikifutwa, hakuna tena iliyofungwa. Ni kama mtu aliyetia kufuli mlangoni halafu ufunguo akauning'iniza kwenye kitasa. Humu ofisini tungemcheka mwandishi wa namna hiyo, nami nimejicheka sana.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Njia ipo, na ni halali tupu. Msalimie dada, na umsalimie Mzee Randa.

Shemeji yako,
Mwandishi


Nyumbani
Jumapili, tarehe 24 Februari

Wewe mtoto wa mama yangu,

Salamu utazipata mwishoni, kama zitabaki.

Jana kwenye mkutano mume wangu alisimama, akavaa miwani, akatoa barua. Kabla hajafungua kinywa niliutambua mwandiko wako kutoka pale nilipokaa, zile herufi zako zinazolala kama zimechoka. Nikafurahi, mjinga mimi. Nilidhani umetutumia salamu. Akasoma. Habari ya kanuni ya mwisho aliisoma mara mbili, na alipofika kwenye utani wako wa ufunguo na kitasa karakana nzima ilicheka. Ile sehemu ya Mama hakuisoma.

Halafu wakapiga kura. Sisi wa chumba cha rangi tuko sita, wa misumeno, randa na gundi ni thelathini na mmoja. Huhitaji kusomea sheria kujua mikono ilikwendaje. Kanuni ya mwisho ilifutwa kabla chai haijapoa. Mkutano ujao ni wa kufuta ya kwetu. Wanataka tupake rangi kutwa nzima, na kwa kuwa mvua zinakuja na unyevu unaiharibu vanishi, inafanya ukungu mweupe juu ya mbao, wanataka na madirisha yafungwe. Nimewaomba banda la pili, lenye paa na ukuta mmoja tu. Wakasema muda hautoshi.

Wewe ulikuwa mdogo, hukijui chumba hicho kikiwa kimefungwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea Mama chakula, enzi karakana ilipokuwa ya tajiri mmoja. Nikifungua mlango, harufu ya tina ya kuyeyushia rangi inanipiga usoni mpaka machozi yananitoka, na Mama mle ndani anaimba ili nisijue kwamba anaishiwa pumzi. Mwisho wake alikuwa akizipanda ngazi tatu za mlangoni kwetu kwa vituo. Ndiyo maana nilikukalisha mezani nikakuambia andika, na uifunge. Ulinisikia. Ukafunga, ukaacha ufunguo mlangoni, na alipokuja mtu wa kwanza kuuliza ukamwonyesha kwa kidole, tena kwa kujisifu.

Nilimuuliza mume wangu kwa nini hakuniambia. Akasema angeniambia ningekataa. Angalau hapo hakudanganya. Akasema ni miezi michache, ni kazi itakayotutoa, na wengi wape. Nikamwambia aimalizie hiyo methali: usipowapa, watajipa wenyewe. Haikusema kwamba wana haki, ilisema kwamba wana nguvu, na nguvu zao nimeziona bila msaada wa wahenga. Tangu jana tunalala kila mtu na ukuta wake.

Kosa lako nitalisamehe siku nyingine. Leo nataka kujua kitu kimoja tu: naweza kulirudisha hilo kufuli kabla ya mkutano ujao? Na usinijibu kama unamjibu mheshimiwa.

Salamu hazikubaki.

Dada yako


Bungeni
Jumamosi, tarehe 2 Machi

Dada,

Naomba radhi. Shemeji hakuniambia ni chumba cha rangi, na mimi sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa nimenogewa na werevu wangu. Nimeikumbuka barua ile neno kwa neno na nimeona aibu.

Umesema nisikujibu kama mheshimiwa, basi nakujibu kavu. Huwezi. Ninyi ni sita. Ukienda kwa msajili wa vyama vya ushirika atakuuliza kama mkutano uliitishwa sawasawa na kura zilihesabiwa, utasema ndiyo, naye atakupa pole. Walichofanya ni halali. Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na huu niliunoa mimi.

Niseme na lingine, hata kama litakuudhi. Nimekaa katika ofisi hii miaka ya kutosha kuona watu wengi wanaotaka sheria zao zifungwe. Wengine wana sababu kama zako. Wengine wanafunga ili wajukuu wa wenzao wasije wakawa na la kusema. Kila nikiandika kifungu kigumu najiuliza kama siwapi wafu nafasi ya kuwatawala walio hai. Wanachama wenu ni watu wazima, wana watoto wa kulisha, na wengi wameamua. Labda Mama mwenyewe angekuwepo leo, akaiona kazi ya hosteli nzima, angesema madirisha yafungwe kwa muda. Sijui. Nawaza tu.

Chumba cha wageni hapa kwangu ni kitupu. Njoo upumzike mpaka kazi hiyo iishe. Kikohozi chako kinanitia wasiwasi, na nimekisikia kwa shemeji, si kwako.

Mdogo wako


Nyumbani
Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Sihami. Chumba chako cha wageni mpe mgeni.

Unamsemea Mama kitu ambacho hakusema. Mama alifungiwa madirisha kwa muda, na huo muda ndio uliomzika. Unaogopa wafu wasiwatawale walio hai. Mimi niko hai, na mapafu ninayoyazungumzia ndiyo haya ninayopumulia nikikuandikia. Kila mwaka kutakuwa na hosteli. Kila mwaka kutakuwa na mtu mwenye haraka na hesabu nzuri ya mikono. Kama kanuni yangu inasimama pale tu ambapo hakuna anayetaka kuiangusha, basi sina kanuni, nina bahati tu. Na sitaki kuishi kwa bahati mle ndani, wala sitaki wale watano waishi hivyo. Mmoja wao ana mimba, usiniambie habari za watu wazima.

Nimepata njia. Wewe mwenyewe uliandika kwamba kanuni ya mwisho ilifunga mbili. Walipoifuta ili wanifikie mimi, wamefungua na ya wazee. Hakuna aliyelifikiria hilo, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwatafuta wazee. Basi nitawatafuta mimi. Mkutano ujao nitasimama kabla ya ajenda yao, niweke hoja kwamba wazee wanyang'anywe meza zao wapewe vijana wa milango. Mzee Randa ni mwanzilishi wa ushirika, na ni baba mzazi wa mwenyekiti. Nusu ya karakana wamefundishwa na yeye kushika patasi. Wakisikia hoja hiyo watashtuka, watauliza imewezekanaje, na nitawaambia: mmeiwezesha ninyi. Hapo hapo wenyewe watadai kufuli lirudi.

Sijamwambia Baba mkwe. Hana uso wa kuficha siri, wangejua ni mtego kabla sijafungua kinywa. Nitamweleza baadaye tucheke wote. Mume wangu naye simwambii. Alianza yeye.

Dada yako


Karakanani
Jumapili, tarehe 17 Machi

Shemeji,

Sijui kama dada yako amekuandikia. Kama ameandika, mwamini, kisha uongeze na haya.

Jana, kabla hatujafika kwenye chumba cha rangi, alinyoosha mkono akasema ana hoja. Sikuweza kumkatalia. Akasimama, akasema kazi ni kubwa na nafasi ni ndogo, na meza za wazee zimekaa dirishani, penye mwanga mzuri kuliko kwingine kote, wakati wazee wenyewe wakijitahidi sana wanatoa stuli moja kwa wiki. Kwa hiyo kanuni yao ifutwe na meza wapewe vijana wa milango. Aliyasema haya kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza msasa. Nilijua ananitega. Nimekaa naye miaka, namjua anapotulia hivyo. Nikakunja mikono nikisubiri watu wagune.

Hawakuguna. Yule kijana wa msumeno mkubwa tunayemwita Mashine alisimama akasema anaunga mkono. Akasema jambo hilo amelitaka siku nyingi, ila alikuwa akiona haya kuwa wa kwanza kulitamka, na amefurahi kwamba limetoka kwa mtu wa heshima.

Dada yako aligeuka rangi. Akasema anaiondoa hoja. Karani akamsomea kanuni: hoja ikishaungwa mkono ni mali ya mkutano, si ya aliyeileta. Hiyo nayo uliandika wewe. Nikaitisha kura nikiwa na uhakika itaanguka, nikahesabu mikono, nikadhani nimekosea, nikahesabu upya. Ishirini na watatu, shemeji. Wawili kati yao ni wa chumba chake mwenyewe.

Baba alikuwa amekaa nyuma na wenzake. Aliinuka, akaenda kwenye meza yake, akaikunja aproni, akaifunga humo randa na patasi zake mbili. Akaja mbele akanipa mkono, kama mgeni anavyomuaga mwenyeji, akatoka. Mashine akaniambia tuendelee na ajenda. Sikuweza. Niliufunga mkutano bila kufika kwenye chumba cha rangi, na sijui hata kama nilikuwa na mamlaka hayo.

Nilianza kukuandikia kwamba dada yako amemfukuza baba yangu karakanani. Nikaichana. Aliyeupata ufunguo ni mimi, na aliyewasomea watu mahali ulipo ni mimi, tena mara mbili, kwa sauti ya juu. Mkuki kwa nguruwe, shemeji, umalizie mwenyewe.

Niandikie jinsi ya kulifunga tena. Safari hii nakuambia wazi ni la nini.

Shemeji yako


Bungeni
Alhamisi, tarehe 21 Machi

Dada,

Shemeji ameniandikia kila kitu. Nimepiga hesabu: kwa kanuni ya zamani mikono ile isingefika theluthi mbili, na hata ingefika, wangesubiri mvua iishe na bado wazee wenyewe wangeulizwa. Najua hilo halikusaidii leo.

Habari njema ni kwamba kwa sasa nusu inatosha kwa lolote, kwa hiyo inatosha pia kulirudisha kufuli. Nimeandika rasimu, nimeiambatanisha. Kanuni ya mwisho sasa inaanza kwa kujifunga yenyewe. Nimeongeza kitu kimoja ambacho wenzangu hapa hupenda kuweka, upenyo wa dharura: mwenyekiti na mkuu wa chumba cha rangi wakikubaliana kwa maandishi, wanaweza kuisimamisha kanuni yoyote kwa mwezi mmoja. Mkuu wa chumba ni wewe, kwa hiyo usiogope, upenyo wenyewe uko mkononi mwako. Nakuamini kuliko mkutano wowote.

Niambie kama inakufaa. Na uniambie unaendeleaje, maana shemeji hakusema na mimi naogopa kuuliza.

Mdogo wako


Nyumbani
Jumapili, tarehe 7 Aprili

Mdogo wangu,

Nianze na lile ambalo mume wangu hakukuandikia kwa sababu hakuliona. Mikono ilipoanza kuinuka, kabla sijaogopa, nilifurahi. Miaka yote nimekaa kwenye mkutano ule nikiwa mmoja wa sita, na kwa mara ya kwanza chumba kizima kilikuwa kinaniitikia. Ilikuwa kufumba na kufumbua, lakini nilifurahi. Nilipogeuka nikamwona Baba mkwe anakunja aproni. Nimekuwa nikilibeba hili peke yangu, sasa tubebe wawili.

Wiki iliyofuata karakana iliingia wazimu. Watu walikuwa wamegundua kwamba hakuna kilichofungwa, na kila mtu ana kitu cha mwenzake anachokitamani. Hoja zilimiminika kwa karani mpaka akaanza kujificha chooni. Wa gundi walitaka wa randa wafagie. Wanaokaa karibu walitaka wanaotoka mbali wapewe zamu ya alfajiri. Na ikatokea hoja ya kumtoa Mashine kwenye ule msumeno mkubwa, apewe binamu wa karani. Mashine alikuja nyumbani kwetu, mtu mzima na mabega yake, kuniuliza kama chumba cha rangi tutamtetea. Nikamuuliza mwenzake aliponyolewa yeye alikuwa akitia maji au alikuwa akishika wembe. Aliinamisha kichwa. Nami sikuendelea, maana wembe ule nilimpa mimi.

Mkutano wa tatu mume wangu aliufungua bila miwani wala barua. Aliwaambia kwamba yeye ni mwenyekiti wa watu wengi, na kwamba ameona wengi wanavyoweza kufanya wakiwa hawana hasira hata kidogo, wakiwa na haraka tu. Akasema anaomba kufungwa mikono, na anaomba na wao wajifunge ya kwao. Ninampenda yule mwanaume, ananiudhi lakini ninampenda. Waliinua mikono wote, na Mashine aliinua wa kwanza. Kanuni ya wazee imerudi, na kufuli limerudi kwa maneno yake ya zamani mpaka rasimu yako iwe tayari. Mume wangu amekwenda chuoni kuwaambia kwamba nusu ya milango itachelewa. Msimamizi wao alifoka sana, kisha akakubali kuipokea kwa mafungu mawili. Sisi saa sita mchana tunaweka brashi chini, tunaacha chumba kipumue. Kikohozi kipo, ila usiku nalala.

Siku ile ile nilikwenda kwa Baba mkwe kumpa habari. Nilimkuta uani anatengeneza kiti cha jirani, ameinama, anaupapasa mguu wa kiti kwa kidole gumba kutafuta palipokwaruza. Nilimwomba radhi. Nikamweleza kwamba ulikuwa mtego, na haukuwa wa kumnasa yeye. Akasema alijua, kila mtu aliyeniona uso wangu pale alijua. Nikamwambia kanuni imerudi, meza yake ipo pale pale dirishani na hakuna aliyeigusa. Akasema ahsante. Nikamuuliza kama kesho yake tumtarajie. Akaweka msasa chini.

"Mwanangu," akasema, "mimi ni mzee, siku moja mngenitoa tu. Lakini kama ingewachukua msimu mzima, mkagombana, wawili watatu wakanitetea, mkashindwa mkarudi tena, ningetoka nikijua kwamba nilikuwa mtu pale. Kilichoniumiza si kutolewa. Ilikuwa rahisi mno."

Kisha akaniuliza kama nitakunywa maji.

Hajarudi. Mume wangu huenda kila jioni, wanazungumza habari za mvua, na hamuulizi tena. Meza yake tumeiacha wazi, na hakuna kijana anayethubutu kuiwekea hata kikombe. Sheria yetu tumeirudisha kwa jioni moja. Yeye hatukuweza kumrudisha.

Sasa rasimu yako. Nimeisoma, ni nzuri, umekomaa. Ule upenyo uufute. Najua umeuweka kwa upendo. Unasema ni wa dharura, na mimi nakuambia milango ya hosteli nayo ilikuwa dharura, na mtego wangu machoni pangu ulikuwa dharura kuliko milango. Dharura haijawahi kuja kwangu ikaniambia kwamba ni haraka tu. Usiniamini kuliko mkutano. Wakisema mimi ni king'ang'anizi, waambie ni kweli. Wakisema ninawafunga mikono wajukuu zao, waambie kuna njia ya kufungua, ndefu na yenye mvua katikati yake, na mjukuu mwenye sababu nzuri atavumilia kunyeshewa.

Iandike iwe ngumu kwa mume wangu, iwe ngumu kwa Mashine, na kwangu mimi, mdogo wangu, iwe ngumu kuliko kwa wote, kwa sababu ni mimi niliyemtoa yule mzee, na nilimtoa nikiwa na nia njema.

Dada yako